Fomu ya Ruhusa

Pale hospitalini walimwita Daktari Mbona, na si kwa ubaya. Ukimwambia mvua imenyesha, atatoka nje kwanza kushika majani. Ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, daktari wa magonjwa ya akili kwa miaka thelathini na miwili. Alianza kazi enzi za nondo madirishani, mgonjwa akishikwa na watu wanne achomwe sindano bila kuulizwa hata jina. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kutomwamini mtu yeyote mwenye koti jeupe, akiwemo yeye mwenyewe. Mumewe hulalamika kwamba hata chai anainusa kabla hajainywa. Lakini hayo ya nyumbani tuyaache.

Miaka ya karibuni aliwekwa kwenye kamati ya maadili, ile inayoamua kama utafiti unawatendea wagonjwa haki. Jumatano moja daktari kijana, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimletea fomu arobaini za wagonjwa waliokubali kujaribiwa dawa mpya. Dawa ilikuwa ianze Jumatatu. Ilibaki sahihi ya Daktari Mbona tu.

Akazipekua. Zote za siku moja, na hakuna aliyekataa.

"Mbona wote?"

"Wamekubali, mama. Tena kwa furaha."

"Furaha? Wodi ile ile ambayo mtu akiambiwa aoge anataka wakili?"

Kijana akacheka, lakini macho yakakimbilia dirishani. Mama akayaona.

Huyu kaghushi, akajisemea. Akalinganisha sahihi: hii imelala, ile imesimama, nyingine ni kidole gumba. Mikono ya watu arobaini kweli. Basi kawatisha. Au kawahonga sigara. Roho ikakataa kutulia, akashuka wodini mwenyewe, fomu mkononi.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa fundi cherehani, mgonjwa wa miezi saba, sasa mtulivu kabisa. Ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka limekunjwa pembe kwa pembe, viatu mguuni, mfuko wa nguo magotini.

"Shikamoo, mama daktari. Gari linakuja saa ngapi?"

"Marahaba. Gari lipi?"

"La nyumbani! Si nimeshatia sahihi ya ruhusa?"

Akakaa kando yake. Mgonjwa akipona, hospitali nzima husema kapewa ruhusa. Na juu ya karatasi zile, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa FOMU YA RUHUSA. Nani angesoma ya chini? Na aliyeyaandika maneno hayo ni yeye. Mwaka ule kamati ilipotaka neno "ridhaa" aligonga meza: hilo ni neno la mahakamani, tuandike Kiswahili cha watu! Wakampigia makofi.

Akamwita muuguzi. "Daktari alipogawa fomu, watu walimuuliza nini?"

"Walimuuliza, hii ndiyo ruhusa? Akasema ndiyo, ruhusa yenyewe."

"Na walipoanza kufungasha, alikuwepo?"

Muuguzi akapangusa trei iliyokuwa safi tayari. "Mimi, mama, nilikuwa nagawa dawa."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Daktari Mbona akatoa kalamu, akazikata fomu moja baada ya nyingine hadi ya arobaini. Dawa ya Jumatatu ikafa hapo. La kijana litasubiri kikao cha kamati, na lake mwenyewe pia.

Akamgeukia fundi. "Nisamehe. Karatasi ile si ya kwenda nyumbani. Ilikuwa inauliza kama unakubali tujaribu dawa mpya kwako."

Fundi akamtazama kama anavyotazama kitambaa anachohofia kitachuja rangi.

"Nikikataa mtanizuia hapa?"

"Hapana. Utatoka siku yako ikifika."

"Andika."

Mama akaandika, akatia sahihi. Fundi akaisoma karatasi polepole, midomo ikicheza. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Kisha akampa muuguzi.

"Na wewe nisomee. Kwa sauti."