Sauti ya Mama Mkwe

Habibu alikuwa mtu wa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Alikuwa amepanga chumba na mkewe Naima kule Dodoma mjini, Area D, na kazi yake ilikuwa kukusanya sauti za watu wa vijijini. Ofisi yao ilitaka kompyuta ijifunze kusikia Kiswahili cha wazee: mtu anasema, maneno yanajiandika. Kompyuta aliyopewa ilitumia mfumo uitwao Linux, na Habibu alikuwa bado hajaizoea, kama mtu aliyeazimwa punda wa jirani.

Basi yeye na Naima wakaenda Kolo, ukweni, kwa Warangi wa Kondoa. Alimtaka mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, maana yule mama alikuwa na maneno. Harusi ya Kolo hainogi mpaka yeye asimame amuusie bibi harusi.

Mambo ya mtu na mkwewe yanajulikana, hawakaziani macho. Habibu alikaa karibu na mlango, akaitazama kompyuta yake. Bi Mwanaidi akakaa mkekani, uso kaupa ukuta. Naima ndiye aliyembania mama yake maiki ndogo ya kurekodia kwenye mtandio, akachomeka waya kwenye kompyuta.

"Eleza namna ya kupika mlenda, mama," Naima akasema.

Bi Mwanaidi akaeleza. Akaeleza majani, akaeleza magadi, akaeleza karanga, mpaka jirani Joha, aliyekuja kuomba chumvi, akaisahau chumvi yenyewe. Habibu akaiachia programu iiandike ile sauti. Ikaandika: Asante. Asante. Asante.

"Kwani nimeipa nini?" Bi Mwanaidi akauliza, Naima alipoyasoma kwa sauti.

Joha akacheka hadi akashika nguzo.

Wakarudia. Asante tena. Sasa hapo, kwa watu wa kazi hii, jambo la kwanza ni kuvaa spika za masikioni na kuisikiliza sauti iliyorekodiwa. Habibu alilijua hilo. Lakini aichukue sauti ya mama mkwe aitie masikioni mwake, ajifungie nayo, na mkewe anaangalia, na Joha yupo? Aliona haya. Akaliruka. Akasema, macho chini:

"Mama, jaribu kutamka vizuri. Nadhani Kiswahili chako kimeingiliwa na Kirangi, mashine haikielewi. Na upaze sauti."

Naima akamtazama mumewe kana kwamba kavua shati barazani. Mwanamume kumwambia mkwewe apaze sauti!

Bi Mwanaidi akapaza, masikini, akapaza hadi mbuzi nje wakaitikia. Asante. Akaibandua maiki mwenyewe, akamwekea Naima mkononi.

"Haya. Harusi ya Ijumaa kwa kina Athuman atafutwe mwingine. Kuna wageni wa Dodoma. Sitasimama na Kiswahili kibovu wakanicheka."

"Mama!"

"Nimemaliza."

Joha naye akaondoka na chumvi yake, na habari juu. Habibu alipotoka kuswali alasiri, mzee mmoja akamshika mkono. "Mkwe wetu, eti kompyuta imemkataa mama yako?" Habibu akatamani ardhi impasukie. Mdomo ambao Kolo nzima ilikuwa inausubiri, yeye ndiye kaufunga.

Akaenda nyuma ya nyumba, kando ya zizi, akavaa zile spika za masikioni. Akasikiliza. Hapakuwa na Kirangi wala sauti ndogo. Kimya tu, kimya cha kaburini. Akafungua mipangilio ya sauti. Linux ilikuwa ikisikiliza maiki ya kompyuta yenyewe, na hiyo ilikuwa imezimwa. Ile ya kwenye mtandio ilikuwa imechomekwa bure, haikuchaguliwa. Programu haikusikia hata neno moja, ikawa inajitungia shukrani. Akaichagua, akaigonga kwa ukucha: thu, thu, ikamlilia masikioni. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Akamwita Naima. "Nenda kamwambie mama kosa lilikuwa la mashine."

"La mashine?"

"Langu."

"Ulipomwambia Kiswahili chake kibovu ulinituma mimi?" Naima akasema. "Nenda. Na Joha karudi, ndiyo vizuri."

Akaenda. Akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mgongo kauelekeza uani. "Mama, nimekukosea. Mashine haikukusikia kabisa, ni mimi sikuifungulia sikio. Nikakusingizia wewe, mbele za watu."

Bi Mwanaidi alikuwa akichambua uwele. Mikono haikusimama.

"Joha," akasema, "umesikia? Hili nalo ulipeleke mbio kama ulivyolipeleka lile."

"Nalipeleka, dada."

"Ngoja kwanza. Naima, nibanie hicho kidude."

Safari hii hakueleza mlenda. Alitoa usia wa bibi harusi, taratibu, bila kupaza, na Habibu akaisikiliza sauti ya mkwewe masikioni mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yakajipanga kwenye kioo. Naima akasoma kwa sauti: mume ukimsetiri naye akusetiri, aibu ya nyumba haianikwi uani.

"Ndivyo nilivyosema," Bi Mwanaidi akasema. "Basi Ijumaa nitasimama. Naima, muulize mumeo, kumbe Kiswahili changu kinaeleweka?"

Habibu alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, na asubuhi ile mama huyo alikuwa akimsemesha mwenyewe, akimwita mwanangu.

"Kinaeleweka, mama," Habibu akajibu.

"Naima," akasema yule mama, "nimekuuliza wewe."