Maharagwe ya Kibuyuni

Mwaka ule ulikuwa wa mahindi ya njano. Tarakimu zake usiniulize, mwanangu, shule niliiacha mapema. Miaka naikumbuka kwa mdomo. Ugali wa njano, uji wa njano, hata ndoto nadhani zilikuwa za njano. Tulikuwa kambini upande wa Kigoma, tumekimbia kutoka Uvira, nami binti wa kukaribia kuolewa, miguu mirefu, akili fupi.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu Faida, mwenye miaka kumi. Juzi hapa Weston, huku ughaibuni tulikohamia, alisubiri nimalize kuombea chakula, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mimi naamini kwa kuwa nataka tu iwe kweli. Sikukasirika. Kuuliza si ujinga, na mtoto alikuwa amegusa pale pale.

Kule kambini, kaka yangu Zabuloni na wenzake wa kwaya waliamua kupanda yale mahindi ya msaada. Walifunga, wakaomba, wakakizunguka kijishamba wakiimba. Mimi nikabeba maji. Bibi yetu akachukua punje chache, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akaziweka kando ya jiko. Zabuloni akamcheka.

“Bibi, unampima Mungu?”

“Napima mahindi. Mungu simwezi.”

Za kitambaani zikaoza. Za shambani zikaoza vilevile, na kwaya ikaanza kutafuta ni nani kati yetu aliyekosa imani.

Kisha posho ikachelewa. Mdogo wetu Musa alilia njaa mpaka sauti ikakauka. Bibi alikuwa na kibuyu cha maharagwe alichokimbia nacho kutoka nyumbani, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Zabuloni akamtaka ayapike. Alisema hatutalima tena popote, huo ndio ukweli, na mzee mzima aache kukumbatia ndoto.

Bibi alikivuta kibuyu mapajani. “Haya sipiki. Haya ni ya kupanda.”

Nilimwona mkatili, mpaka nilipotazama sahani yake. Ilikuwa tupu, ugali wake wote alikuwa akiula Musa.

Mvua iliponyesha, alilowesha maharagwe machache kwanza. Yakachipua. Yaliyobaki akayapanda nyuma ya hema, na siku tulipopakua sufuria ya kwanza, alimwambia Zabuloni bila kupandisha sauti:

“Ulitaka mahindi mafu yaote kwa kuwa unayataka. Yalipooza, ukasema hakuna kitakachoota tena. Udongo umeusingizia mara mbili.”

Kaka alimaliza sahani yake. Akaisogeza aongezewe.

Basi sikia, mwanangu. Kutaka kwako hakubadilishi punje. Omba, halafu lowesha uone. Ikioza, kubali imeoza, usimtafute jirani wa kumlaumu. Lakini na kukata tamaa nako ni kuamini usichokiona, tena kunajiita ukweli kwa kiburi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: imani ni mgongo ulioinama, si mdomo uliopanuka. Na kama imani yako inamlaza mtoto na njaa huku wewe umeshiba, hiyo itupe.

Mimi leo nalima kwenye ndoo, kwenye roshani ya ghorofa ya tisa. Sikudanganyi kwamba mbegu ni zile za bibi. Hizi nilizinunua hapa hapa. Majivu sina, jiko ni la umeme, kwa hiyo zinalala kwenye chupa ndani ya friji. Mungu akupe macho ya kuona kilichopo, na mikono ya kutunza ambacho bado hakijatokeza.

Jana theluji ilikuwa inaanguka. Faida karudi kutoka shuleni na njaa yake, kafungua friji, kaiona chupa ya maharagwe, akataka tuyapike na wali. Nilimkaangia mayai. Chupa nikairudisha mahali pake, nikamjibu kwa Kiswahili, naye alielewa kila neno:

“Haya sipiki. Haya ni ya kupanda.”