Chaja Moja, Simu Tatu

Saa moja asubuhi, katika kambi ya waliokimbia vita mjini Bunia, Scholastique anakagua ukuta kabla ya kusalimia watu. Kwenye soketi kuna chaja moja yenye waya mfupi, mnene, unaoingia kwenye kompyuta ndogo, ubao mtupu wa saketi, usio na kasha, unaoenea kiganjani. Simu hakuna. Ndipo anafungua mlango.

Kazi yake ni kuandika majina: nani amekimbia kutoka wapi, na ameelekea wapi. Mama aliyepotezana na mtoto njiani huja kumwuliza.

Mwaka jana chaja ilikuwa ya sokoni, yenye matundu manne. Héritier, fundi aliyemfungia kompyuta hiyo, aliipima mkononi akaiona nyepesi kama ganda la karanga. Akamwambia atafute inayotoa volti tano na ampea tatu bila kuyumba.

"Na usiichanganye na kitu. Ile machine inakulaka peke yake."

Scholastique alicheka. "Kwetu mutu wa kula peke yake ni mulozi, muchawi kabisa."

Watu walikuwa wamefika kutoka Djugu na simu zilizozima. Angemnyima nani? Akawapa matundu matatu. Pembeni ya kioo cha kompyuta ikatokea alama ya radi ya manjano, onyo kwamba umeme hautoshi. Aliiona wiki nzima, akasema kesho.

Siku ya Ijumaa kompyuta ilizimika akiwa katikati ya jina. Kadi inayotunza orodha ikaharibika. Familia 612 zikapotea nayo.

Jumatatu akafika Arlette kutoka pande za Nizi, akimtafuta binti yake Lydie, wa miaka sita. Scholastique alimkumbuka mtoto mwenye gauni la kijani, aliyeondoka na familia fulani. Jina la familia na mji walikokwenda havikumjia.

"Angenitukana, ningepona," anasema. "Lakini aliikala tu pale kwa kiti, akaniuliza kama kesho naweza kumbuka."

Sasa mashine ina chaja yake, simu zina chumba chao, na kila jina linaingia pia kwenye daftari.

"Bamama, muonee watu huruma, lakini kwa tundu lingine," Scholastique huwaambia wanawake anaofanya nao kazi.

Arlette bado anakuja kila Jumatatu. Barabara ikitulia, watapanda lori pamoja mpaka Ariwara, maana Scholastique anadhani baba wa ile familia iliyoondoka na Lydie alitaja soko la huko. Katika daftari, mstari wa kwanza ni wa Lydie: gauni la kijani, miaka sita.

Juzi Arlette alimwomba afute sita, aandike saba.