Wimbo Uliokwisha Bibi Akiwa Njiani

Elieth ana mashine ya kusaga pale Busawe, na kama umewahi kusagisha kwake unajua kwamba hapo watu hawaongei, wanapiga kelele. Unauliza zamu yako, unajibiwa kwa sauti ya kuvuka mto, na unaondoka na nyusi nyeupe na masikio yanavuma. Miaka ya kushindana na mashine, pamoja na vumbi la mahindi na mtama, ilimkwaruza sauti hata ikabaki kama mlango unaohitaji mafuta.

Hilo lilimuuma, maana alikuwa mwimbaji wa kwaya, tena wa mstari wa mbele. Mwalimu wa kwaya hakumfukuza. Alimwambia kwa upole mwingi apumzishe koo, na kila alipouliza akaambiwa aendelee kupumzisha. Akaelewa. Akahamia benchi la nyuma, na hata nyumbani akaacha kuimba. Aliyeliona hilo zaidi ni Agustina, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Kwa hiyo Agustina alipopata mchumba na sherehe ya kumuaga ikapangwa, hakuomba kabati wala sufuria.

"Mama mdogo," alisema, "mimi nataka uniimbie. Ndivyo ulivyonilea."

Elieth akakubali, kisha akaingia chumbani akalia. Angeimba na koo lipi?

Mungu ana njia zake, na safari hii alipitia kwenye mota iliyoungua. Akaitwa Muzamil, fundi umeme wa Mugumu, mtu wa utani, aliyewahi kufanya kazi Nairobi akarudi na gitaa la umeme na muziki ambao hakuna aliyemwomba. Alipokuwa akikaza nati za mwisho, simu yake ilikuwa ikiupiga kwa sauti ya juu.

"Huo ni ugomvi gani?" Elieth aliuliza.

"Ni panki, dada."

Elieth aliijua panki kuwa ni mkato wa nywele, ule uliowarudisha wavulana nyumbani kutoka shule. Muzamil akacheka, akajifuta grisi, akaketi juu ya gunia.

"Kwanza ni nyimbo fupi. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, umekosa nusu. Gitaa wanalishika namna tatu tu, na anayejua zaidi haruhusiwi kuringa. Ngoma inakwenda mbio kama mota yako hii. Halafu hawangoji mtu awape ruhusa. Wanaanzisha bendi sebuleni, wanarekodi wenyewe, hata nguo wanajichania na kujishonea wenyewe. Na mwimbaji anasema linalomkera, waziwazi, liwe limetoka kwa mkubwa au kwa mdogo."

"Na sauti?"

"Sauti yoyote. Ikiwa laini sana ndiyo shida."

"Hapo pa sauti rudia," Elieth alisema, na Muzamil akarudia.

Wakaanza mazoezi palepale kwenye banda la mashine, jioni wateja wakiisha. Waitara, seremala jirani, akaleta pipa na ndoo, akavipiga kama vimemkosea. Elieth akatunga maneno mwenyewe. Kwenye sherehe za kuaga, bibi arusi huimbiwa avumilie, afunike, ameze, na yeye alikuwa ameshachoka kumeza. Wimbo wake wote ulikuwa huu: "Nenda, mwanangu, nenda! Ukiumia, sema! Usinyamaze! Usinyamaze!" Siku ya kwanza kuutoa kifuani, alijisikia mwepesi kuliko alivyojisikia kwa muda mrefu.

Kosa lao watatu lilikuwa moja, na mtoto yeyote wa huku angewaonya. Kwetu mwimbaji akikugusa, unainuka na kanga mkononi, unakwenda ukicheza taratibu, unamfunga mabegani. Wimbo unakusubiri. Mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi, anaweza kuuvuta mpaka chakula kipoe, ili kila mwenye kanga afike. Nao walikwenda na wimbo usiosubiri mtu.

Siku ikafika. Turubai limejaa, Agustina amekaa mbele na shela lake. Elieth akashika kipaza sauti, Muzamil akavuruga nyuzi, Waitara akalishukia pipa. Kwenye kiti cha nyuma kabisa akainuka Bibi Boke, mama yake Elieth, mwenye fimbo ya kutembelea na masikio ambayo siku hizi yanataka kupigiwa kelele. Ana kanga begani, anacheza kwa mwendo wake. Alikuwa hajapita hata safu ya pili wimbo ukaisha.

Watu wakatazamana. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti cha pili, akasema kwa adabu, "Tunawashukuru mafundi kwa kujaribu vyombo. Sasa mwimbaji wetu apande."

Elieth akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Akamtazama Agustina, akaanza kukiweka kipaza sauti chini. Alikuwa ameshaliona benchi la nyuma likimwita.

Lakini kule nyuma Bibi Boke alikuwa amesimama palepale. Mtu akamwinukia amrudishe kitini, bibi akausukuma mkono wake.

"Kanga ya mwimbaji hairudi kitini," alisema. "Elieth, imba nifike."

Mwimbaji hawezi kulikataa hilo. Wakaupiga tena, bibi akasogea safu chache, ukaisha tena. Akasimama, akagonga fimbo chini. Wakaupiga tena. Sasa kwa kuwa maneno yenyewe ni machache, watu walikuwa wameshayajua, na bibi arusi mwenyewe akainuka na shela lake akapaza, "Usinyamaze!" Akina mama wakadaka, kisha akina baba, hata mwalimu wa kwaya akaonekana akifungua mdomo. Turubai zima likawa linapiga kelele kumsukuma bibi mmoja afike, na Elieth akawashukuru wote moyoni, mmoja mmoja, Muzamil kabla ya wote, na mota ile iliyoungua.

Bibi Boke akafika. Akamfunga kanga mabegani, akalikaza fundo kama anayemfunga mtoto, akamshika uso kwa mikono yote miwili.

"Kule kwenye kwaya nilikuwa naona mdomo tu," alisema. "Leo nimekusikia, mwanangu."