Kijito cha nyuma ya nyumba na magimbi ya Bi Salma: jinsi tulivyojifunza kusema kabla ya kula

Wakuu, poleni na majukumu popote mlipo.

Leo nawaletea kisa kisicho na mapenzi wala uchawi. Ni cha maji. Nimekiona kwa macho yangu, nilichobadilisha ni majina tu. Mwenye nyumba ameniruhusu niandike, kwa sharti moja kwamba nisimwite bibi kizee.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nimeishia kidato cha nne, miaka yangu imeshavuka arobaini. Sijawahi kukaa mahali nikazoeleka. Tanga, Mombasa, Muscat, Minnesota kwenye baridi ya kukata masikio, na sasa Wheaton, Maryland, naendesha basi dogo la kupeleka wazee hospitali.

Nimepanga basement, chumba cha chini ya nyumba, kwa Bi Salma, mama wa Kizanzibari aliyestaafu kupika kwenye jiko la shule. Nyuma ya nyumba yake kinapita kijito. Siku ya kiangazi unakiruka bila kukunja suruali. Ikinyesha mvua kubwa, maji ya barabara na ya parking zote za juu yanateremkia humo, na hapo hukitambui. Kinanguruma kama lori.

Pembeni ya kijito ndipo alipo na shamba lake la magimbi.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana bila magimbi hakuna uzi.

Bi Salma alipofika nchi hii alipewa mbegu moja ya gimbi na mama mmoja wa Kijamaika aliyekuwa akifanya naye kazi. Akaipanda pale ukingoni penye unyevu. Ikazaa, akagawa, akapanda tena. Kila msimu kabla ya baridi kali anayang'oa, anayamenya, anayaweka friza mpaka Ramadhani. Kisha yanapikwa kwa nazi, na bakuli linatoka nyumba hadi nyumba. Kwa Waislamu na kwa wasio Waislamu. Mtaa mzima ule umemjua kupitia bakuli hilo. Hata mimi, siku niliyokuja kuulizia chumba, nilikula magimbi kabla ya kuambiwa kodi.

Sasa, ili maji yasile shamba, miaka mingi nyuma alikuwa amepanga matofali makubwa ya saruji ukingoni. Ukuta mzuri tu, umeota na majani.

Basi siku moja akaja injinia wa county, dada mmoja wa Kizungu, jina tumwite Megan. Mpole, viatu vina tope, michoro kwapani. County inataka kukitengeneza kijito. Kingo zinabomoka, miti inaanguka, nyumba za chini zinapata maji. Anapita kwa kila mwenye eneo kueleza mpango na kuomba ruhusa.

Bi Salma akamkaribisha sebuleni. Chai ya maziwa na iliki. Vitumbua. Sambusa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta sinia na kutafsiri pale Kiingereza kinapokuwa cha kiinjinia.

Megan akafungua mchoro mezani. Mitambo itapita uwani kwa Bi Salma, kwa sababu ndiko hakuna uzio. Matofali yatatolewa. Ukingo utashushwa ili maji yapate pa kutanuka. Magimbi yote yataondoka, na baadaye itapandwa mimea ya asili ya huku.

Nikatafsiri yote. Bi Salma akatikisa kichwa taratibu.

"Mwambie ale, chai inapoa."

Megan akala. Akauliza kama kuna wasiwasi wowote. Bi Salma akatabasamu, akamwongezea kitumbua. "Thank you, my daughter. Very good. You come again."

Megan akaondoka na furaha yake, na sambusa kwenye foil.

Mlango ulipofungwa tu:

"Wallahi halipiti greda hapa! Waje wanikanyage mimi kwanza!"

"Sasa Bi Salma, mbona hukumwambia mwenyewe?"

Akanitazama kama anayetazama mtu aliyekosa malezi. "N'mwambieje? Mtu ana kitumbua changu mkononi?"

Wakuu, msicheke. Ninyi mngesema? Mgeni yuko kwako, umempa chakula, halafu umpinge usoni? Kwetu sisi hilo halipo. Tatizo ni kwamba Megan hakuzaliwa kwetu. Yeye aliona mama amefurahi, akarudi ofisini akaandika kwamba hapa hakuna pingamizi.

Ukafuata mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa maktaba. Sisi watu wa mtaa wetu tukajaza safu za nyuma. Megan akaeleza, picha zikapita ukutani, akauliza: maswali?

Kimya.

Wazungu wawili wakauliza habari za ndege na kelele za mashine. Sisi tukatazama viatu vyetu. Mkutano ukafungwa kwa makofi.

Tulipofika parking, mkutano ukaanza!

Mnatujua. Kikao chetu halisi huwa kinafunguliwa pale kile cha rasmi kinapofungwa. Papa Fiston, Mkongo wa nyumba ya kona, alikuwa amepandisha sauti: "Mais jamani, hawa batu banataka kuharibu mtaa na sisi tunapiga makofi? Mama Salma amefanya nini?" Kila mtu akawa upande wa Bi Salma. Wengine wakasema tusisaini chochote. Mwingine akataka tutafute mwanasheria.

Mtu mmoja tu alikuwa kimya. Kamau.

Kamau ni Mkenya wa Nyeri, nesi, nyumba yake iko chini kabisa kijito kinapokata kona. Alikuwa anachezea funguo za gari na kutazama lami. Nikamwona amefungua mdomo, akamtazama Bi Salma, akaufunga.

Pale ndipo nilipokumbuka nyumbani.

Kwetu kuna mifongo, mifereji ya maji inayoteremka toka mlimani kupitia mashamba ya watu. Mfongo ukitaka kubadilishwa njia, wazee wa kwetu hawakuwa wanakaa chumbani. Walikuwa wanautembea. Wenye mashamba wote kwa miguu, na walianzia chini, kwa yule wa mwisho kupata maji. Yeye anasema wa kwanza, amesimama kwenye udongo wake, na hakuna wa kumjibu mpaka amalize. Kisha mnapanda kwa anayefuata. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, lakini hainywewi mpaka mmefika juu na mmeelewana. Nilipokuwa kijana niliona sheria hiyo ni ya kuwatesa wenye kiu. Kumbe walijua kwamba ukishashika kibuyu cha mtu, ulimi unakuwa mzito.

Nikawaeleza pale parking. Papa Fiston akacheka: "Wewe unaishi chini ya nyumba kama panya, ndio utatembeza sisi?"

"Panya ndiye anajua maji yanapopita, Papa."

Wakacheka, wakakubali. Nikampigia Megan, nikamweleza. Nilidhani atasema ratiba hairuhusu. Akasema angependa sana, na akauliza kama aje na michoro. Nikamwambia njoo na buti.

Kazi ngumu haikuwa Megan. Ilikuwa Bi Salma.

"Watu waje mpaka kwangu nisiwape hata maji?"

"Mpaka tumalize tu, Bi Salma."

"Wachaga nyinyi ndio maana mnasemwa."

Lakini akakubali. Asubuhi ya Jumamosi ya kutembea nilisikia harufu ya maandazi toka juu, ila sinia lilibaki jikoni limefunikwa kitambaa.

Tukaanzia kwa Kamau. Tulisimama uwani kwake, tope mpaka kwenye vifundo. Alianza kwa Kiingereza, akimwelekea Megan. Maji yanaingia basement. Mazulia ametupa. Mama mkwe wake aliyekuja toka Kenya alikuwa analala kule chini, sasa analala sebuleni, maana anaogopa. Pump ya kuvuta maji inalia kila mvua.

Kisha akageuka, akaanza kumsemesha Bi Salma kwa Kiswahili, polepole.

"Mum, sikutaka kukwambia. Lakini hiyo ukuta yako ya mabloku ndio inasukuma maji inakuja kwangu. Ikifika kwako haina pa kwenda, inapiga hapo, inarushwa huku."

Bi Salma akafungua mdomo. Nikamgusa mkono. Hakuna kujibu.

"Kila mwaka unaniletea nduma, hayo magimbi yako. Watoto wangu wanakupenda. Sasa mimi ningekuja aje kwa mlango yako niseme hizo nduma ndio zinanizamisha? Nikiwa nimezikula?"

Hapo hakuna aliyecheka, ingawa kwa siku nyingine tungecheka.

Nilimtazama Bi Salma. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake. Aliomba kuona hiyo basement. Sheria ya mfongo haisemi chochote juu ya kuingia ndani, kwa hiyo tukangoja nje. Walikaa mle kitambo. Alipotoka hakumtazama mtu.

Tukapanda mpaka kwake. Ikawa zamu yake, na yeye amesimama kwenye udongo wake, katikati ya majani mapana ya magimbi. Alisema kwa Kiswahili, mimi nikawa namtafsiria Megan.

Alisema alifika mtaa huu hajui jina la mtu hata mmoja. Alisema mwaka wa kwanza alifuturu peke yake, televisheni ikiwa mwenzake. "Watu wote mnaowaona hapa, nimewajua kwa haya majani. Mkiyang'oa, mimi ntabisha hodi kwa watu nimeshika nini?"

Kisha akamuuliza Megan: ukuta ukitoka, maji yatakaa wapi?

Megan akashuka ukingoni, akaonyesha kwa mkono. Hapa, palipo shamba. Yatatanuka, yatatulia, yatashuka polepole, na kwa Kamau hayatafika kwa kasi. Hakuzungusha maneno. Alisema magimbi hayawezi kubaki mle, masharti ya mradi hayaruhusu, na hawezi kuahidi asichoweza. Lakini njia ya mitambo inaweza kubadilika, kama kuna mwingine wa kuipitisha kwake.

Papa Fiston akakohoa. "Uzio yangu imeoza hata hivyo. Bapite kwangu. Ila banijengee mpya."

Megan akaandika. Halafu akanigeukia, kwa nia njema kabisa: "And you? Which one is your place?"

Wakuu, nihesabieni. Nchi nne, miji sijui mingapi, na sijawahi kusimama kwenye udongo nikasema huu ni wangu. Hata kule mlimani kihamba, shamba la ukoo, anacho kaka yangu. Nikasema mimi ni mpangaji tu, natafsiri.

"Anakaa kwangu," Bi Salma akasema. "Naye aseme."

Nikasema nilichokuwa nacho. Kwamba dirisha la chumba changu liko usawa wa majani. Mvua ikinyesha nasikia maji yakija, nasikia yakigonga ule ukuta, na nasikia yakigeuka. Muda wote nilikuwa nasikia, sikujua yanageukia kwa mtu. Megan akaliandika na hilo pia.

Bi Salma akavuta pumzi. "Toeni matofali," akasema. Halafu, kwa Kamau: "Lakini wewe mtoto wewe! Miaka yote unakula unanyamaza?"

"Mum, zilikuwa tamu."

"Nyoo!"

Kamau ndiye aliyelisema lililofuata. Mbele ya nyumba yake, mbali na kijito, kuna pembe ambako bomba la paa linamwaga maji. Pamelowana daima, hata nyasi hazikubali. "Leta mbegu tupande hapo. Hiyo ni shamba yako, mimi nitakuwa nalinda."

Ndipo sinia likatoka. Na niwaambie, maandazi ya baada ya ukweli yana ladha nyingine.

Mitambo ilikuja, ikapita kwa Papa Fiston. Siku walipong'oa ukuta Bi Salma alifunga mapazia, hakutoka. Sitawadanganya kwamba alifurahi. Bado kuna asubuhi anasimama dirishani akitazama pale palipokuwa na majani mapana, sasa pana vijiti vyenye vibendera, na anasema tu, "Haya." Ila tangu hapo Kamau hajasikia pump, na mama mkwe amerudi kulala chini.

Ramadhani iliyofuata, kabla ya magharibi, hodi ikapigwa. Alikuwa Kamau na mkewe, na bakuli. Walikuwa wamepika magimbi wenyewe, ya kuchemsha, bila nazi, kama wanavyokula kwao na chai.

Bi Salma akalifunua. Akalitazama.

"Yamekonda hivi, huyapi chakula?"

"Ni mwaka wa kwanza, mum."

Adhana ya simu ikalia. Akachukua tende, kisha gimbi moja. Akatafuna. Yalikuwa yanawasha kidogo, hawakuyachemsha vya kutosha. Nilimwona akikuna shavu.

Nikasubiri aseme ni matamu.

"Yanawasha, Kamau," akasema. "Mwakani yachemshe zaidi."

Kisha akachukua la pili.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mtu akinyamaza mkutanoni usidhani amekubali, huenda ana adabu tu. Na sisi tunaokaa ugenini, adabu yetu wenyeji hawaisomi, wanaona kimya wanaandika ndiyo. Wenye mipango waje watembee na watu, waanzie kwa yule wa chini. Na sisi tuseme kabla ya sinia.

Nilimpigia kaka yangu nimsimulie. Nikamuuliza kama bado wanautembea mfongo. Akacheka: siku hizi kuna group la WhatsApp, mzee, na mfongo wenyewe nusu mwaka umekauka. Tukaagana. Nilikuwa nimelala chali, dirisha wazi, mvua inanyesha. Maji yalikuja, sikuyasikia yakigonga popote. Yalipita tu.

Mikoba yangu bado iko chini ya kitanda, ila mwaka huu nimechimba mistari miwili ya magimbi yangu kwa Kamau.

Nawaachia jukwaa. Wenye mto, mfereji au bonde nyuma ya nyumba, huko nyumbani au huku ughaibuni: nani alisema wa kwanza kwenu, wa juu au wa chini? Na wapangaji wenzangu, mliulizwa?