Swali la baba kuhusu chokaa ya moyoni

Mshipa wa moyo wa baba ulikuwa umejaa chokaa ngumu. Daktari alitaka kuisaga kwanza kwa kinoo kidogo kinachozunguka, maana stenti, kile kibomba cha wavu, isingetanuka humo. Nilibishana na baba asubuhi nzima ili akubali. Baba, mkulima wa mpunga wa Sange, alikataa kutia sahihi.

Mwishowe akauliza: “Dokta, kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, udongo tunautupa kando, usizibe tena huko chini. Ninyi mutautupa wapi?”

“Unakuwa unga laini kabisa, papa. Damu inaupitisha.”

“Basi lete biki, nitie sahihi.”

Swali hilo mimi, na diploma yangu, sikulifikiria. Juzi alitembea hadi mferejini bila kusimama, akanipa jembe.