Kiu ya Cucu

Majuzi kanisani alikaa mbele yangu mama mmoja aliyejipaka dawa ya kuchua, ile yenye harufu kali ya mkaratusi, na machozi yakanilengalenga kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Nyanya yangu, Cucu, alinukia hivyo. Niliishi naye Gatongora nikiwa msichana mdogo, mama akifanya kazi kiwandani Thika na kuja nyumbani Jumamosi.

Mwanzoni Cucu alikuwa mwepesi. Alilima, alifuga kuku, na akicheka hata kuku hao walitawanyika. Kisha kaka yake mkubwa akafa. Aliporudi kutoka mazishini alivua viatu vyake vizuri, akampa mama. "Hivi ni vya mtu wa kutoka," alisema. "Mimi sasa ni mzee."

Tangu hapo kila kilichomsumbua alikipa jina moja. Goti likiuma, ni uzee. Macho yakiingia ukungu, ni uzee. Hata ilipomshika kiu ya ajabu, nikawa najaza jagi lake asubuhi hadi jioni, naye haachi kwenda choo, alisema miili ya wazee ndivyo ilivyo. Nilimwamini. Nilidhani uzee ni kitu kinachoingia ndani ya mtu na kuanza kumnywea maji yake.

Jirani yetu Mama Akinyi, aliyehamia kwetu kutoka upande wa Kisumu, hakukubali. "Mama Njeri," alimwambia Cucu, "mimi nimekuzidi umri, na kiu hiyo sina. Twende kliniki upimwe sukari."

"Nyinyi mmekulia kando ya ziwa, mlishiba maji zamani," Cucu akamjibu. Wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Mama naye alipouliza, aliambiwa asiharibu siku yake ya kupumzika kwa kumpangisha mzee foleni ya daktari.

Ndipo Cucu akajikata kidole cha mguu kwa jembe. Kilikuwa kidonda kidogo tu, lakini hakikupona. Alikifunga kitambaa, akasema nyama ya zamani haina haraka. Kilipoanza kunuka, Mama Akinyi alimpigia mama simu, wakampeleka hospitalini Thika akiwa bado anakataa. Walimkata mguu chini ya goti.

Siku niliyoruhusiwa kumwona, daktari mmoja kijana alikuwa akimweleza kwamba ni sukari, imemla muda mrefu, na ingegunduliwa mapema angetumia dawa na kuendelea kulima.

Cucu alimtazama. "Kumbe haukuwa uzee?" akauliza, sauti ndogo kama ya mtoto.

"Hapana, Cucu. Ulikuwa ugonjwa."

Akageukia ukuta.

Hakurudi nyumbani. Kidonda kilikuwa kimeshapeleka sumu kwenye damu. Mazishini watu walimfariji mama kwamba mzee ameshiba siku zake. Mama Akinyi alisimama kwenye matope akitikisa kichwa, yeye aliyemzidi umri, na miaka kadhaa baadaye alikuwa bado anapalilia sukuma wiki yake.

Kwa muda mrefu niliamini Cucu aligeukia ukuta kwa sababu mguu ulimuuma. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba alikuwa akiililia miaka ambayo hakuna aliyemnyang'anya. Aliitoa mwenyewe, akidhani imekwisha.